Gereji tupu nyumbani ni mtaji uliolala

ANAYEPITA jioni katika mitaa ya Sinza, Tabata, Kimara au Mbezi jijini Dar es Salaam ataona jambo moja ambalo wenye nyumba wenyewe wamekwisha lizoea. Gari limelala nje chini ya mwembe, na gereji iliyojengwa kwa ajili yake imejaa magunia ya mkaa, kitanda kilichovunjika chaga, mabati yaliyobaki wakati wa ujenzi na baiskeli isiyo na tairi. Nyumba nyingine hazina gari kabisa. Gereji ilichorwa kwenye ramani kwa matumaini, gari halijaja, na watoto wamekwisha maliza shule.

Wakati huo huo, mama mwenye nyumba hiyo huamka alfajiri kwenda kufungua fremu aliyopanga mjini. Mwenye fremu hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, na kila mkataba unapoisha bei hupanda. Mtaji ambao ungenunua vitambaa au cherehani ya pili unakwenda kulipia kuta za mtu mwingine.

Hapa ndipo swali la kibiashara linapoanza. Je, ile gereji inaweza kuwa mahali pa kazi, kwa fedha kidogo, bila kuharibu nyumba na bila kuua biashara yenyewe? Jibu ni ndiyo kwa baadhi ya kazi, na hapana kabisa kwa nyingine. Wengi hukosea kwa sababu huanza na fundi wa rangi kabla ya kukaa chini na kalamu.

(Neno lenyewe huchanganya. Kwa mkazi wa Dar es Salaam gereji ni kwanza kule kwa mafundi wa magari, kwenye oili na spana. Inayozungumzwa hapa ni ile ya nyumbani, banda la gari.)

Kufanyia biashara nyumbani si mtindo mpya. Katika miaka ya 1980, mishahara iliposhindwa kufika katikati ya mwezi, watumishi wengi walifuga kuku uani, wakaoka maandazi na kushona nguo sebuleni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na vitega uchumi vya namna hiyo, hata nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 Zanzibar masharti hayo yalilegezwa, na kilichokuwa kikifanyika nyuma ya ukuta kikatoka barabarani. Kilichobadilika tangu hapo ni simu. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mteja anaweza kulipa bila kufika dukani, na bodaboda ikampelekea mzigo. Kwa hiyo mlango wa barabara kuu hauna tena thamani ile ile kwa kila biashara.

Watu hupenda kutaja Marekani katika mazungumzo kama haya. Ni kweli kwamba mwaka 1939 William Hewlett na David Packard walianzisha kampuni yao katika gereji moja ya mji wa Palo Alto, California, wakiwa na mtaji wa dola 538. Ni kweli pia kwamba Jeff Bezos alianzisha Amazon mwaka 1994 katika nyumba ya kupanga yenye gereji karibu na Seattle, akatengeneza meza za kazi kwa kuchukua milango ya mbao na kuipigilia miguu. Lakini wale walikuwa wakiuza kwa watu walio mbali. Hakuna aliyetegemea mteja wa kupita njia. Hilo ndilo la kuzingatia katika habari zao, pamoja na ile milango.

Hesabu kabla ya nyundo

Chukulia fundi cherehani wa Tabata anayeshona sare za shule na nguo za harusi. Fremu yake ina kodi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi 6, yaani shilingi 1,200,000. Mkataba unakwisha. Nyumbani ana gereji ya mita 3 kwa 6. Faida yake kabla ya kutoa kodi ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Chukulia pia kwamba ameamua zile 1,200,000 zitumike kutengeneza gereji badala ya kumpa mwenye fremu.

Kwa haraka haraka hesabu inapendeza. Anaokoa 200,000 kila mwezi, na baada ya miezi 6 fedha yake imerudi. Hivyo ndivyo majirani watakavyomwambia.

Lakini fremu ilikuwa barabarani. Wapo wateja waliomwona tu wakipita, wakaingia kupunguza suruali au kubadili zipu. Hao hawatamfuata uchochoroni. Akipoteza robo ya faida yake, hiyo ni 125,000 kwa mwezi. Katika ile 200,000 anayookoa inabaki 75,000, na fedha ya matengenezo itarudi baada ya miezi 16. Akipoteza asilimia 40 ya faida, yaani 200,000, hakuna kinachobaki. Atakuwa ametumia mtaji wa miezi 6 kujihamishia mahali ambapo hapati zaidi ya alichokuwa akipata.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza halina gharama. Kwa mwezi mmoja kabla ya kuhama, aandike kwenye daftari kila mteja amefikaje: kwa oda ya simu, kwa kuelekezwa na mtu, au kwa kuona fremu. Kama oda za shule na za harusi ndizo zinazobeba biashara, gereji itamfaa. Kama wanaombeba ni wa zipu na mikunjo, abaki barabarani na atafute fremu ndogo zaidi. Mwenye duka la vocha, soda na sabuni asijisumbue kabisa, isipokuwa kama gereji yake inatazama njia wanayopita watu.

Umeme ndio mtego

Jambo linalowaumiza wengi halionekani siku ya kuhama. Linaonekana mwezi wa pili, kwenye LUKU.

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani, kundi linaloitwa D1, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti ya ziada, kabla ya kodi na tozo. Anayetumia zaidi ya hapo mfululizo huhamishiwa kundi la T1, ambako bei ilipangwa shilingi 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza.

Sasa itazamwe pasi ya umeme ya wati 1,000. Ikivuta umeme kwa jumla ya saa 3 kwa siku, siku 26 za kazi, ni uniti 78. Pasi peke yake imekwisha kula zaidi ya uniti zote za nyumba ya D1, kabla ya cherehani, taa na feni. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 75 kwa shilingi 7,500 sasa inatumia 153, na kwa bei ya T1 hiyo ni shilingi 44,676. Zile 75 za jikoni na sebuleni, ambazo hazikuongezeka hata moja, zimepanda kutoka 7,500 hadi 21,900. Hiyo ni 14,400 kila mwezi ambayo daftari la biashara haliioni, kwa kuwa anayeilipa ni mfuko wa nyumba.

Kwa fundi wa mfano aliyebakiwa na 75,000, zikitolewa 14,400 inabaki 60,600. Marejesho yamesogea kutoka miezi 16 hadi karibu miezi 20.

Dawa ipo, nayo ni mita ya pili kwa ajili ya gereji, ili nyumba ibaki D1. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mijini, kwa aliye ndani ya mita 30, ilirejeshwa kuwa shilingi 320,960. Ukiigawa kwa ile 14,400 inayookolewa, inarudi baada ya miezi 22 na siku kadhaa. Kwa hiyo si jambo la kukimbilia siku ya kwanza. Biashara ikionyesha kuwa itakaa, ombi lipelekwe TANESCO mwaka wa pili. Mwenye kazi ya kompyuta na taa mbili, ambaye hafiki uniti 75 hata akijumlisha na nyumba, hana haja nayo.

Upande wa waya hakuna kubana matumizi. Gereji nyingi zina taa moja na soketi moja iliyounganishwa kwa waya mwembamba wa taa. Pasi, ovaloki na feni kwenye soketi hiyo kwa kutumia ekstensheni ya mtaani ni moto unaosubiri siku yake, na chumba chenyewe kimejaa vitambaa. Fundi umeme mwenye leseni avute njia mpya kutoka kwenye swichi kuu, waya wa milimita 2.5 kwa soketi, wenye breka yake. Katika bajeti ya 1,200,000 kazi hii ipewe hata 350,000, hata kama itabidi rangi isubiri.

Joto, unyevu na mteremko

Gereji haikujengwa kwa ajili ya binadamu kukaa humo saa 8. Ina kasoro 3 ambazo gari halikulalamikia.

Ya kwanza ni joto. Paa la bati lisilo na dari, Dar es Salaam, Januari na Februari, humtoa mtu nje saa sita mchana. Kwa eneo la mita za mraba 18, dari ya jipsamu inahitaji bodi 7 za mita 1.2 kwa 2.4, pamoja na mbao zake. Lakini jipsamu haipendi maji, na bati linalovuja tone moja litaiharibu masika moja tu. Paa lizibwe kwanza. Kwa mwenye fedha kidogo zaidi, bati likipakwa rangi nyeupe kwa juu litarudisha sehemu ya jua, na matundu yakitobolewa juu ya kuta mbili zinazotazamana hewa ya moto itapata njia ya kutokea. Matundu hayo ni kazi ya siku moja ya fundi na msaidizi wake, na faida yake ni kubwa kuliko ya feni.

Hewa ina sababu nyingine nzito. Wapo wanaokimbia bei ya umeme kwa kutumia pasi ya mkaa, au wanaowasha jenereta humo humo ndani umeme ukikatika. Moshi wa mkaa na wa jenereta una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa amekaa. Katika chumba kilichofungwa haina nafuu yoyote. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Pasi ya mkaa iwashwe na kutumiwa barazani.

Ya pili ni unyevu. Mafundi wengi humwaga sakafu ya gereji bila nailoni chini yake, maana gari halitaki. Kupima ni rahisi. Kipande cha nailoni nyeupe cha ukubwa wa gazeti kibandikwe sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote 4, kiachwe siku nzima na usiku wake. Kikikutwa na matone kwa chini, maji yanapanda, na marobota ya kitambaa yakiwekwa sakafuni yataota ukungu. Wakati mzuri wa kupima ni masika, si kiangazi.

Ya tatu ni mteremko. Sakafu ya gereji huinamishwa kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea gari yatoke. Hata mwinamo mdogo wa sentimita 1 kwa kila mita huleta sentimita 6 kwa urefu wa mita 6. Kusawazisha kwa kumwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani, kuanzia unene wa sentimita 2 na nusu upande wa juu hadi zaidi ya 8 upande wa mlango, hula karibu mita 1 ya ujazo ya mchanganyiko. Kwa uwiano wa saruji 1 na mchanga 4 hiyo ni mifuko 7 hadi 8 ya kilo 50, mbali na mchanga na ufundi. Nailoni ngumu ikitandikwa kabla ya kumwaga, tatizo la unyevu linakuwa limeondoka kwa gharama hiyo hiyo.

Je, ni lazima? Kama kipimo cha nailoni kimetoka kikavu, si lazima. Vipande vya mbao chini ya miguu ya meza hufanya kazi ile ile kwa bei ya soda moja, na mifuko 8 ya saruji inabaki dukani. Hapa ndipo bajeti nyingi hupotea, kwa kusawazisha sakafu ambayo mteja hata haitazami.

Geti libaki au lizibwe?

Kila fundi atashauri geti la chuma litolewe na ukuta ujengwe, kwa sababu ukuta ndio kazi yake. Nafasi ya geti ya mita 2.7 kwa 2.1, ukiondoa mlango wa kawaida na dirisha la mita 1.2, inabakiza ukuta wa mita za mraba 2 na theluthi. Hiyo ni matofali 24 ya inchi 6, au 30 ukihesabu yatakayovunjika. Si fedha nyingi kwa matofali. Kinachouma ni mlango, dirisha, grili, plasta na rangi vinavyofuata.

Ushauri ulio salama zaidi kwa mtaji mdogo ni kuliacha geti mwaka wa kwanza. Mchana likiwa wazi linaleta mwanga na hewa kuliko dirisha lolote, na usiku ni ulinzi ambao umekwisha lipiwa. Biashara isipokwenda, gari au mpangaji anarudi mahali pake. Anayekuja kununua nyumba siku za usoni naye atauliza pa kuweka gari.

Gereji iliyo chini ya ghorofa ni habari nyingine. Nguzo na lenta hazitolewi wala kuchongwa kupata nafasi ya meza, na hakuna mtu wa kuamua hilo isipokuwa mhandisi. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu lisisahaulike mapema hivyo.

Kwa samani, ile milango ya Bezos inafaa hata Tabata. Milango miwili ya mbao bapa ya sentimita 90 kwa 210, ikilazwa pamoja juu ya farasi za mbao, ni meza ya kukatia nguo ya mita 1.8 kwa 2.1. Milango iliyotumika hupatikana kwa wauza mbao za majengo yaliyobomolewa.

Mgawo wa fedha yote unaweza kuwa hivi: umeme 350,000, paa na hewa 350,000, sakafu na unyevu 250,000, rangi nyeupe na taa 100,000, na akiba 150,000 ambayo haitajwi mbele ya fundi. Anayekuta sakafu yake ni kavu aihamishie ile 250,000 kwenye vitambaa. Mkopo wa kikundi usiguse kazi hii. Cherehani huzalisha rejesho la wiki, lakini ukuta hauzalishi kitu.

Karatasi zake

Nyumba nyingi zimejengwa kwenye viwanja ambavyo hati yake inasema makazi. Kazi inayobadilisha matumizi ya kiwanja huhitaji kibali, na ujenzi unaobadilisha jengo huhitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kufika ofisi ya ardhi na mipango miji kuuliza kabla ya kuanza ni nafuu kuliko kupigwa alama ya X nyekundu baadaye. Leseni ya biashara huombwa kwa kutaja mahali, na anayehama fremu asiendelee kutumia leseni ya anwani ya zamani.

Kwa TRA kuhamia nyumbani hakumwondoi mtu kwenye kodi. Mfumo wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo ulipanuliwa Julai 2019 kufikia mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, na fundi wa uani amo humo sawa na wa barabarani. Kinachomsaidia ni daftari. Asiye na kumbukumbu hana cha kujitetea nacho anapokadiriwa.

Aliyepanga nyumba yenye gereji ana hatari ya peke yake. Akiweka waya, dari na sakafu kwenye nyumba ya mtu bila maandishi, amemjengea mwenye nyumba, na kodi ikipandishwa mwaka ujao atakuwa ameipandisha mwenyewe. Makubaliano yaandikwe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji: gharama ni kiasi gani, itakatwa kwenye kodi ya miezi mingapi, na vitu gani atavitoa akihama. Mwenye nyumba akikataa kuandika, kinachobaki ni vitu vinavyobebeka tu: feni, meza za milango na taa.

Majirani nao wahesabiwe. Cherehani 2 hazina ugomvi na mtu. Mashine ya kuranda mbao au ya kuchomelea vyuma itavuta malalamiko hadi serikali ya mtaa, na mafundi wa kazi hizo wabaki kwenye maeneo yao.

Kwa wanaolenga msimu wa sare, shule hufunguliwa Januari na oda huanza kuingia mapema zaidi. Paa linatakiwa liwe limezibwa kabla ya vuli, sakafu mpya humwagiliwa maji siku 7 kisha huachwa ikauke kabla ya kuwekewa vitambaa, na fundi umeme mzuri hapatikani siku anayoitwa. Magunia ya mkaa yaanze kutoka Septemba mwanzoni.